Haki Inayomrudia Mtunzi: Historia ya Hakimiliki kutoka London ya 1710 hadi Johannesburg

Hakimiliki ni haki ambayo sheria humpa aliyetunga kitabu, wimbo, mchoro au kazi nyingine ya ubunifu, ili kwa muda maalumu awe yeye pekee mwenye uwezo wa kuamua ni nani atakayeinakili kazi hiyo, kuichapisha, kuitafsiri au kuitumbuiza hadharani, na kwa masharti gani. Ndani ya maelezo hayo mafupi mna pande tatu ambazo maslahi yake hayalingani: mtunzi anayetaka kutambuliwa na kuishi kwa jasho lake, mfanyabiashara anayetoa mtaji wa kuichapa au kuirekodi kazi na kutaka mtaji huo urudi pamoja na faida, na umma unaotaka kusoma, kusikiliza na kujifunza kwa bei nafuu. Tangu karne ya 18 watunga sheria wamekuwa wakimtaja mtunzi kuwa ndiye sababu ya sheria hizo kuwapo, ilhali mara nyingi mfanyabiashara ndiye aliyevuna zaidi, kwa kuwa haki inayouzika humtoka mwenye shida mapema, kabla thamani yake haijajulikana. Kwa hiyo historia ya hakimiliki haieleweki kwa kuhesabu miaka ya ulinzi peke yake. Hueleweka zaidi kwa kuuliza haki hiyo ilikuwa mikononi mwa nani, na kama ilikuwapo njia yoyote ya kumrudia aliyetunga.

Uchapaji na ukiritimba wa chama cha London

Kabla ya mitambo ya kuchapa, kazi zilizoandikwa zilienea kwa kunakiliwa kwa mkono. Katika pwani ya Afrika Mashariki tenzi zilihifadhiwa katika miswada ya hati za Kiarabu, na mtunzi mara nyingi alijitaja jina katika beti za mwisho, jambo lililomkinga asisahauliwe lakini ambalo halikumpa msingi wa kumdai mnakili malipo. Kila nakala iligharimu kazi sawa na ile iliyoitangulia, na kwa sababu hiyo mnakili alikuwa mhifadhi wa utungo, si mshindani wa mwenye utungo. Ulaya nayo ilikuwa na hali kama hiyo hadi katikati ya karne ya 15, wakati Johannes Gutenberg alipoanzisha mjini Mainz uchapaji wa herufi za kupangwa. Tangu hapo gharama kubwa ikawa katika kupanga herufi, kununua karatasi na kungoja wanunuzi, na mchapaji wa pili aliyekiona kitabu kinauzika aliweza kukichapa upya bila kubeba hasara za vile visivyouzika. Mchapaji wa kwanza ndiye aliyelia kwanza, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikilizwa.

Jibu la watawala lilikuwa idhini maalumu, yaani ruhusa ya mtawala inayompa mtu mmoja kazi au biashara fulani na kuwazuia wengine wote kwa muda uliotajwa. Mwaka 1469 serikali ya Venice ilimpa Johannes wa Speyer ukiritimba wa uchapaji mjini humo kwa miaka mitano, na mwaka 1486 mwanahistoria Marcantonio Sabellico alipewa uwezo wa kuamua ni mchapaji gani angekichapa kitabu chake kuhusu historia ya mji huo. Idhini ya Sabellico huhesabiwa miongoni mwa mifano ya mwanzo ya mtunzi, badala ya mchapaji, kukabidhiwa mamlaka juu ya maandishi yake. Lakini ilikuwa fadhila ya watawala kwa mtu waliyemridhia, si haki ambayo mtunzi mwingine yeyote angeweza kuidai mahakamani.

Nchini Uingereza, ambako William Caxton alifungua karakana ya uchapaji Westminster mwaka 1476, ukiritimba ulichukua sura ya chama. Mwaka 1557 Malkia Mary wa Kwanza na mumewe Philip waliwapa wachapaji na wauza vitabu wa London hati ya kifalme iliyowaunganisha katika Stationers' Company. Ufalme ulitaka udhibiti, yaani uwezo wa kuzuia maandishi ya uasi na ya uzushi wa kidini, na chama kilitaka soko. Kila upande ukampa mwenzake alichohitaji. Mwanachama aliyeandikisha jina la kitabu katika daftari la chama alitambuliwa na wenzake kuwa mwenye kitabu hicho pasipo kikomo cha muda, na aliweza kukiuza, kukirithisha au kukiweka rehani. Mtunzi asiyekuwa mwanachama hakuwa na nafasi katika daftari hilo. Alichoweza kuuza ni mswada wake, na baada ya hapo kitabu kilikuwa cha mwingine.

Mkataba ambao John Milton aliutia saini mwaka 1667 kuhusu utenzi wake mkuu, Paradise Lost, unaonyesha mtunzi alisimama wapi katika mpango huo. Mchapaji Samuel Simmons alimlipa pauni 5, akaahidi pauni 5 nyingine baada ya nakala 1,300 za toleo la kwanza kuuzwa, na malipo kama hayo kwa matoleo yaliyofuata. Milton alipokea jumla ya pauni 10 kabla ya kufariki mwaka 1674, na mwaka 1680 mjane wake alikubali pauni 8 na kuachia madai yote yaliyobaki. Utenzi huo uliendelea kuchapwa na kuwatajirisha wauza vitabu wa London kwa miongo mingi, na miaka 100 baadaye mfano huo ulikuwa ungali ukitajwa katika mijadala ya Bunge kuhusu hali ya watunzi.

Sheria ya 1710

Mfumo wa udhibiti uliokipa chama nguvu ulikuwa umewekwa upya na sheria ya mwaka 1662, ambayo ilipaswa kuhuishwa na Bunge kila baada ya kipindi fulani. Mwanafalsafa John Locke aliandika kuipinga, akilalamika kwamba iliwapa wauza vitabu ukiritimba hata juu ya maandishi ya Kilatini ya waandishi waliofariki zaidi ya miaka elfu moja kabla, na akapendekeza kuwa umiliki wa kitabu uwe na kikomo. Mwaka 1695 Bunge liliiacha sheria hiyo ife. Kwa zaidi ya miaka kumi yeyote aliweza kuchapa chochote, na wauza vitabu wakubwa walirudi bungeni mara kwa mara kuomba ulinzi bila kufanikiwa, mpaka walipobadilisha hoja: badala ya kulilia mali yao wenyewe, walianza kulilia hali ya watunzi na familia zao. Waandishi kama Daniel Defoe walikuwa tayari wamelalamika kwa niaba yao wenyewe juu ya wizi wa kazi zao, na hoja hizo mbili zikakutana.

Matokeo yake yalikuwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 10 Aprili 1710, wakati wa utawala wa Malkia Anne, ambayo kichwa chake kilitangaza kuwa lengo ni kuhimiza elimu. Kitabu kipya kililindwa kwa miaka 14, na vitabu vilivyokuwa tayari sokoni vililindwa kwa miaka 21 tangu siku hiyo. Haki ya kwanza iliwekwa kwa mtunzi mwenyewe, ambaye angeweza kumwuzia yeyote, awe mwanachama wa chama cha London au asiwe. Aliyetaka kuwashtaki wachapaji wasio na idhini alipaswa kukiandikisha kitabu na kupeleka nakala 9 katika maktaba zilizotajwa, zikiwemo za vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge na Scotland, ili wasomi wasinyimwe kile ambacho sheria ilikilinda. Kulikuwa pia na utaratibu wa kulalamikia bei ya kitabu iliyopita kiasi.

Kifungu cha mwisho cha sheria hiyo, ambacho wauza vitabu hawakukiomba, kilisema kwamba miaka 14 ya kwanza ikimalizika na mtunzi akiwa hai, haki itamrudia yeye kwa miaka 14 mingine. Bunge lilikuwa limetambua jambo ambalo mkataba wa Milton ulikuwa umelionyesha: mtunzi huuza kazi yake akiwa katika hali dhaifu, kabla ya yeye au mnunuzi kujua itapendwa kiasi gani, na kwa hiyo haki iliyo tele ndani ya maandishi ya sheria inaweza kugeuka ganda tupu ndani ya mkataba. Kumrudishia haki baada ya muda kulimpa fursa ya kuuza mara ya pili, safari hii akiwa na jina na akijua bei. Kifungu hicho hakikupata nguvu iliyokusudiwa, kwa sababu wauza vitabu walizoea kununua haki zote kwa pamoja, pamoja na ile ya miaka ya baadaye. Lakini wazo lenyewe lilikuwa limeingia katika sheria na halikutoka tena kabisa.

Vita vya wauza vitabu

Miaka 21 ya vitabu vya zamani ilipokwisha mwaka 1731, wauza vitabu wa London walikataa kukubali kuwa mali yao imefika mwisho. Walidai kuwa chini ya sheria ya desturi, yaani kanuni za kale zinazotokana na maamuzi ya mahakama badala ya maandishi ya Bunge, mtunzi ana umiliki wa milele juu ya kazi yake kama mkulima alivyo na umiliki juu ya mazao ya shamba lake, na kwamba umiliki huo wa milele ulihamia kwao walipomlipa. Wapinzani wao walikuwa hasa wachapaji wa Scotland, waliochapa upya vitabu vilivyokwisha muda na kuviuza kwa bei ya chini. Alexander Donaldson wa Edinburgh alikwenda mbali zaidi kwa kufungua duka la vitabu hivyo ndani ya London kwenyewe.

Kazi iliyogombaniwa ilikuwa The Seasons, mashairi ya James Thomson, aliyefariki mwaka 1748. Mwenye haki za mashairi hayo, Andrew Millar, alimshitaki muuza vitabu aliyeyachapa bila idhini, na mwaka 1769 mahakama iliyoongozwa na Jaji Mkuu Lord Mansfield iliamua kwa majaji watatu dhidi ya mmoja kwamba umiliki wa mtunzi ni wa milele. Jaji aliyepinga, Joseph Yates, alieleza kuwa wazo likishatolewa hadharani haliwezi kushikwa kama shamba au ng'ombe, na kwamba ulinzi wowote unaopita hapo ni zawadi ya sheria yenye mpaka wake. Haki hizo ziliponunuliwa na kundi la wauza vitabu, akiwemo Thomas Becket, Donaldson naye alishitakiwa, akakata rufaa hadi Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge ambalo wakati huo lilikuwa pia mahakama ya mwisho ya rufaa. Tarehe 22 Februari 1774 malodi walimpa Donaldson ushindi: kitabu kilichochapishwa kinalindwa kwa muda uliowekwa na sheria ya 1710, na muda huo ukiisha kinakuwa mali ya umma, maana yake kila mtu ana ruhusa ya kukichapa.

Uamuzi huo ulipunguza utajiri wa wauza vitabu wachache wa London na kufungua mlango wa matoleo ya bei nafuu. Mwaka 1777 mchapishaji John Bell alianza kutoa mfululizo wa washairi wa Uingereza ambao ulifikia juzuu 109, na wapinzani wake wa London, ili wasiachwe nyuma, walimwajiri Samuel Johnson kuwaandikia wasifu wa washairi. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba katika kesi nzima, iliyojaa hotuba juu ya haki takatifu ya mtunzi, mtunzi mwenyewe alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 25. Hoja ya umilele ilitolewa kwa jina lake, lakini kama ingekubaliwa, matunda yake yangekwenda kwa watu walionunua haki hizo mnadani.

Ufaransa, Bern na heshima ya mtunzi

Wakati Waingereza wakibishana juu ya muda, Wafaransa waliijenga haki hiyo juu ya nafsi ya mtunzi. Mwaka 1777 mwandishi wa tamthilia Beaumarchais aliwakusanya wenzake kudai hesabu za kweli kutoka Comédie-Française, jumba la maonyesho lililokuwa na ukiritimba wa tamthilia mjini Paris, na kutokana na mkusanyiko huo kikazaliwa chama cha watunzi wa tamthilia. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa idhini za kifalme zilifutwa, na sheria za 1791 na 1793 zikatangaza haki ya mtunzi, ile ya pili ikiilinda kwa maisha yake yote na miaka 10 baada ya kifo chake. Mahakama za Ufaransa katika karne ya 19 zilitenganisha hatua kwa hatua haki za namna mbili: haki za kiuchumi, ambazo huleta fedha na huweza kuuzwa, na haki za kimaadili, ambazo humwezesha mtunzi kutajwa jina na kuzuia kazi yake isipotoshwe, hata pale ambapo ameshauza haki za kiuchumi.

Huko huko Paris lilipatikana pia suluhisho la tatizo la muziki, ambao hupigwa mahali pengi kwa wakati mmoja kiasi kwamba mtunzi mmoja hawezi kuufuatilia. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget na wenzake walikataa kulipia vinywaji katika mkahawa wa Ambassadeurs, wakisema kuwa mwenye mkahawa anawatumbuiza wateja kwa nyimbo zao bila kuwalipa chochote. Mahakama iliwaunga mkono, na mwaka 1851 ikaanzishwa SACEM, chama kinachokusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi, kutoka kwa watumiaji na kuigawa kwa watunzi. Vyama vyote vya namna hiyo duniani leo, vikiwemo vya Afrika Mashariki, vinafuata mfano huo.

Nchini Uingereza mjadala wa muda ulifufuka bungeni, ambako Thomas Talfourd, mwanasheria na rafiki wa Charles Dickens, alitaka ulinzi uendelee miaka mingi baada ya kifo cha mtunzi. Mbunge mwenzake Thomas Macaulay alimpinga katika hotuba ya Februari 1841, akieleza kuwa hakimiliki ni kodi wanayotozwa wasomaji ili waandishi walipwe, kodi inayostahili lakini isiyopaswa kuzidi siku moja baada ya lengo lake kutimia. Sheria ya 1842 ilifikia makubaliano ya katikati: maisha ya mtunzi na miaka 7, au miaka 42 tangu kuchapishwa, kipindi chochote kitakachokuwa kirefu zaidi. Mwaka huo huo Dickens alizuru Marekani na kulalamika waziwazi kwamba riwaya zake zinachapwa huko bila malipo, kwa kuwa Marekani haikuwalinda watunzi wa nje hadi mwaka 1891. Tatizo la mipaka lilishughulikiwa na Mkataba wa Bern wa tarehe 9 Septemba 1886, ambao uliifanya kila nchi mwanachama iwalinde watunzi wa nchi nyingine wanachama kama inavyowalinda wake. Marekebisho ya Berlin ya 1908 yaliondoa sharti la usajili na kuweka lengo la maisha ya mtunzi na miaka 50, na yale ya Roma ya 1928 yaliingiza haki za kimaadili.

Sheria ya 1911 na kifungu cha marejeo

Ili kutekeleza makubaliano ya Berlin, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hakimiliki ya 1911, iliyoanza kutumika Uingereza tarehe 1 Julai 1912 na kuenezwa katika himaya yote, ikiwemo Afrika Mashariki iliyotawaliwa na Waingereza. Afrika Kusini iliipokea kwa sheria yake ya mwaka 1916. Ulinzi ulirefushwa hadi miaka 50 baada ya kifo, na urefu huo ulizua wasiwasi ule ule wa 1710: kama mtunzi ameuza kila kitu kwa bei ya chini, miaka yote hiyo ya nyongeza ingemfaidia mnunuzi ambaye hakuilipia.

Bunge likalijibu suala hilo katika kifungu cha 5. Mtunzi aliyeihamisha haki yake akiwa hai aliihamisha mpaka miaka 25 tu baada ya kifo chake. Miaka hiyo ikiisha, haki ilirudi kwa msimamizi wa mirathi yake kwa kipindi kilichobaki, na mkataba wowote ambao mtunzi angeufanya wa kuiuza sehemu hiyo ya marejeo ulikuwa batili. Hapo ndipo sheria mpya ilipoizidi ile ya Malkia Anne. Watunga sheria wa 1710 walirudisha haki kwa mtunzi lakini wakamwacha aiuze mapema. Wale wa 1911 walimzuia asiiuze, kwa kutambua kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuwa mlinzi wa mali ya wajukuu wake. Wanasheria walizoea kukiita kifungu hicho kwa jina la Dickens. Uingereza ilikifuta kwa mikataba mipya kupitia sheria ya 1956, na Afrika Kusini kupitia sheria ya 1965, lakini mikataba iliyotangulia mabadiliko hayo ilibaki chini yake.

Wimbo wa Solomon Linda

Nguvu ya kifungu hicho ilidhihirika katika kesi ya mwanamuziki wa Kizulu ambaye huenda hakuwahi kukisikia. Solomon Linda alizaliwa mwaka 1909 eneo la Msinga, akahamia Johannesburg kutafuta kazi na kuongoza kundi la waimbaji lililoitwa Evening Birds. Mwaka 1939 walirekodi katika studio ya Gallo wimbo wake Mbube, jina lenye maana ya simba, ambao ulipendwa sana nchini humo, na Linda akapata kazi ya kufunga mizigo katika kampuni hiyo. Haki za wimbo ziliuzwa kwa shilingi 10. Santuri yake ilimfikia mwanamuziki wa Marekani Pete Seeger, ambaye pamoja na kundi la The Weavers aliuimba kwa jina la Wimoweh, na mwaka 1961 kundi la The Tokens likautoa kwa maneno ya Kiingereza na kwa jina la The Lion Sleeps Tonight, toleo lililoshika nafasi ya kwanza katika chati za Marekani. Linda alifariki Oktoba 1962 akiwa maskini. Wimbo wake uliendelea kurekodiwa na wanamuziki wengi, na mwaka 1994 ukatumika katika filamu ya Disney, The Lion King.

Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan alichapisha katika jarida la Rolling Stone uchunguzi uliofuatilia fedha za wimbo huo zilikokwenda, na suala hilo likafika kwa mwanasheria wa Afrika Kusini, Owen Dean. Mjane na mabinti wa Linda walikuwa wamesaini nyaraka za kuhamisha haki katika miaka iliyofuata kifo chake, na kwa mtazamo wa kawaida wa mikataba hapakuwa na kitu kilichobaki cha kudai. Dean aliirudia Sheria ya 1911, ambayo ilikuwa ingali ikitumika Afrika Kusini wakati Linda alipotunga na kuuza wimbo wake. Kwa mujibu wa kifungu cha 5, haki katika nchi zote zilizokuwa chini ya himaya zilirejea kwenye mirathi ya Linda mwaka 1987, miaka 25 baada ya kifo chake, na msimamizi wa mirathi ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuziachia. Mwaka 2004 Disney ilishitakiwa Afrika Kusini, na kwa kuwa ni kampuni ya nje, alama zake za biashara zilizosajiliwa nchini humo ziliwekwa chini ya amri ya mahakama ili kesi ipate mamlaka ya kuendelea.

Shauri hilo halikufika hukumuni. Februari 2006 warithi walifikia mapatano na Abilene Music, kampuni iliyokuwa na haki za wimbo wa Kiingereza na iliyoipa Disney leseni ya kuutumia: Linda alitambuliwa kuwa mtunzi mwenza, warithi wakalipwa mirabaha ya nyuma na kuhakikishiwa ile ya mbele, na mfuko wa amana ukaundwa wa kuisimamia. Haki za kiuchumi na za kimaadili zilirudi pamoja, kwa sababu jina la mtunzi na malipo yake yalikuwa yamepotea pamoja.

Urithi wa Afrika Mashariki

Wanamuziki wa Afrika Mashariki waliingia katika biashara ya santuri wakati sheria hiyo hiyo ya kifalme ikitumika. Katika taarabu, kama katika ngoma, malipo ya msanii yalikuwa yakitolewa pale pale anapoimba, kwa hadhira kumtuza mkononi, na methali isemayo kuwa mcheza kwao hutunzwa iliakisi utaratibu halisi wa kiuchumi. Siti binti Saad wa Zanzibar alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti yake ilianza kusafiri mahali ambako mwenyewe hakuwapo na ambako hakuna aliyeweza kumtuza. Tangu hapo riziki ya msanii haikuweza kutegemea hadhira iliyo mbele yake. Ilitegemea mkataba, na mkataba ulitegemea sheria.

Baada ya uhuru, Kenya na Tanzania zilitunga sheria zao za hakimiliki mwaka 1966. Nchi changa zilikuwa na mashaka yenye msingi: ulinzi mkali ungewafaidia hasa wachapishaji wa Ulaya waliouza vitabu vya shule, na katika mkutano wa Stockholm wa 1967 wa kuurekebisha Mkataba wa Bern nchi zinazoendelea zilidai nafuu ya kutafsiri na kuchapa vitabu vya elimu, nafuu iliyopatikana kwa masharti magumu katika marekebisho ya Paris ya 1971. Kenya iliingia katika Mkataba wa Bern mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na kuundwa kwa Shirika la Biashara Duniani kukaifanya hakimiliki kuwa sharti la biashara ya kimataifa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, hakishiriki zikiwa ni haki za waigizaji, waimbaji, watayarishaji wa rekodi na watangazaji, na chini yake ikaundwa COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo. Kenya ilipitisha sheria mpya mwaka 2001 na kuunda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2003. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikwenda mbali zaidi kwa kulitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mirabaha kwa matumizi ya utamaduni na urithi wao.

Sheria hizi zinalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa wingi wa miaka hazina upungufu wa kulaumiwa. Suala lililobaki ni lile la 1710. Marekani, ambayo tangu sheria yake ya 1790 ilikuwa na vipindi viwili vya miaka 14, ililiendeleza wazo la marejeo katika sheria ya 1976, inayomruhusu mtunzi kuvunja uhamisho wa haki baada ya miaka 35 hata kama mkataba unasema vinginevyo. Kenya imechukua njia nyingine katika uwanja mmoja: marekebisho ya 2022 yaliweka kiwango cha chini cha asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu kuwa cha msanii, ili mgawanyo huo usiachwe kwa mwenye nguvu kuuandika peke yake. Njia hizo mbili zinatofautiana, lakini zote zinakiri kwamba uhuru wa kufanya mkataba haumtoshi mtu asiye na uwezo wa kuukataa.

Kwa hiyo hukumu ya historia hii ni kwamba kusudi la hakimiliki limekuwa, tangu mwanzo, kuhimiza elimu na ubunifu kwa kumlipa aliyetunga na hatimaye kuifikisha kazi yake kwa umma, na kwamba kusudi hilo limeshindwa kila mara sheria ilipojali urefu wa muda bila kujali nani anayeufaidi. Watunga sheria wa Afrika Mashariki wanapozifanyia marekebisho sheria zao wana wajibu wa kukifikiria upya kifungu cha marejeo, ambacho wakati mmoja kilikuwa sehemu ya sheria iliyotumika katika nchi zao. Watunzi nao hawapaswi kuingoja sheria hiyo: kabla ya kutia saini, mtunzi na asome ni haki zipi anazouza, kwa muda gani na kwa nchi zipi, naye akatae kuuza kwa malipo ya mara moja kazi ambayo huenda ikaishi kuliko yeye.